Injini Inapopoteza Nguvu Kwenye Joto la Pwani

Mwezi wa Mei nilikuwa nashuka na ndege ndogo kwenda uwanja wa Manda, Lamu. Mawingu ya masika yalikuwa yametanda kila upande, na shati limenigandia mgongoni kwa jasho. Mshale wa mizunguko ya injini ukaanza kuteremka: 2,100, 2,000, kisha 1,850, nami sijagusa kitu. Nikaongeza mafuta kidogo. Ukapanda, halafu ukaanza tena kushuka.

Ilikuwa barafu. Naam, barafu pwani, nje kuna nyuzijoto 24! Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa kabla ya kuingia injini, hufyonza joto, na hewa inayopita kwenye koo lake jembamba hupoa zaidi, hata nyuzi 20 na ushee. Unyevu uliomo hewani huganda kwenye kijilango cha hewa, hasa kikiwa kimefungwa nusu, kama wakati wa kushuka. Sisi tuliojifunzia urubani uwanja wa Wilson, Nairobi, tulizoea kuihofia asubuhi za baridi za Julai. Siku hizi naihofia zaidi pwani wakati wa mvua.

Nilivuta kishikio cha joto la kabureta, kile kinachoiletea hewa ya moto, mpaka mwisho, na hapa ndipo nakuomba unisikilize sana. Injini ilizidi kuharibika. Ikatetemeka, ikakohoa, mshale ukashuka zaidi. Mkono wenyewe unataka kurudisha kishikio. Usikirudishe! Hiyo ni barafu inayeyuka na injini inameza maji yake. Nilihesabu moyoni, na kabla sijafika ishirini mngurumo ulirudi. Ningekirudisha, barafu ingebaki, na chini yangu palikuwa na mikoko na bahari tu.

Tangu siku hiyo navuta joto kabla ya kupunguza nguvu, kwa kuwa joto hilo linatoka kwenye bomba la moshi. Injini ikishazimika, bomba linapoa na msaada umekwisha. Nalivuta lote, kwani nusu nusu huweza kuleta barafu pale ambapo haikuwapo. Ukishatua, lirudishe. Hewa hiyo haipiti kwenye chujio, na vumbi la viwanja vya murram litaingia injini moja kwa moja. Kuruka nalo pia kunakunyima nguvu.

Maji mengine yanakusubiri ndani ya tangi. Ndege ikilala na tangi nusu, mvuke hugeuka matone usiku, na raba ya kifuniko ikipasuka mvua nayo huingia. Jaza matangi jioni ukiweza. Asubuhi, na kila baada ya kujaza, toa mafuta kidogo chini ya kila tangi, kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, uyatazame. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu na maji hutuama chini yake, kwa hiyo tunafundishwa kutafuta mstari kati yake.

Mwanafunzi mmoja alinionyesha kikombe kilichojaa, safi kabisa, bila mstari. Akasema, "Mwalimu, hakuna maji." Nikakiweka mbele ya bawa jeupe. Hakikuwa na ubuluu wowote, wala harufu ya petroli. Tukamwaga matone machache kwenye saruji. Petroli ingekauka mara moja. Haya yalibaki pale pale, yameviringana, huku mkono wake ukiwa bado umeshika kikombe.