USINUNUE hiyo plagini mkuu, mimi nilishalipa laki sita

Usinunue. Nimesoma kwamba kikundi chenu hapo Dodoma kinatengeneza tovuti ya watu wanaotaka kujitolea, na kuna jamaa kakwambia ukinunua plagini (programu ndogo ya kuongezea kwenye tovuti) ukabandika msimbo wake wa mstari mmoja tu basi hata wasioona wataitumia bila shida, nimeacha chai imepoa.

Mimi nililipa laki sita kwa mwaka. Fundi wetu (simtaji, na siku hizi hapokei simu yangu) alikuja na laptop, akabofya kile kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu kwenye kona, maandishi yakawa makubwa, rangi zikageuka, kamati nzima makofi. Hadi mweka hazina alitabasamu na yule huwa hatabasamu. Mle ndani wote tunaona vizuri tu, ndo ujue tulivyokuwa wajanja.

Wiki ya tatu akaja kijana ofisini Area C, katoka Nzuguni na bajaji, haoni, ana digrii ya ualimu anataka kujitolea kufundisha tuisheni. Fomu imemshinda siku mbili. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "mdogo wangu mbona kuna kitufe pale kona?" Akasema, "Kaka, simu yangu ina TalkBack, inanisomea kila kitu tangu niko chuo. Hicho kitufe chenu ndo kinaongea juu yake." Akaongeza sauti nikasikia mwenyewe, sauti mbili kwa mpigo kama makonda wawili wanamgombania abiria mmoja. Akaizima ya kwetu. Hapo ndo aibu ikaanza rasmi. Kila kisanduku simu inasema "edit box, edit box", haijui kama ni jina au namba ya simu, kwa sababu fundi aliyaandika yale maneno pembeni kama pambo, hakuyafunga na kisanduku kwa lebo. Kitufe cha kutuma kilikuwa picha isiyo na maelezo, kikasomwa jina la faili. Na lugha ya ukurasa aliacha "en" (Kiingereza) badala ya "sw" (Kiswahili), kwa hiyo Kiswahili chetu chote kinasomwa kama mzungu aliyeshuka airport jana, "jitolee" ilitoka kama jina la dawa ya mbu. Mwisho kabisa, lile jaribio la kuthibitisha wewe si roboti: chagua picha zenye taa za barabarani. Mtu haoni!

Plagini haiwezi kubuni kisanduku chako kinataka nini. Binti mmoja wa UDOM alirekebisha yote kwa mchana mmoja, nikamlipa na chipsi mayai juu.

Kwa hiyo kabla hujazindua, tafuta mtu asiyeona, mpe nauli na hela ya muda wake, ajaze fomu kwa simu YAKE mpaka apate ujumbe kwamba imepokelewa, na wewe ufunge mdomo. Usimwambie "bonyeza hapo chini". Ukimwelekeza umejidanganya. Kwenye kompyuta ya Windows, NVDA (programu inayosoma skrini kwa sauti) ni ya bure, shusha, chomoa mausi, tembea na Tab uone utakavyokwama.

Ulivyouliza template (muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari) sijui, chukua yoyote. Jina la tovuti liishie .or.tz au .com, hilo pia mtajua wenyewe. Rangi, acha kijivu juu ya nyeupe, WCAG (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu) wanataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na kwa jua la hapa saa nane mchana hata wewe mwenye macho hutasoma kitu. Uliuliza kingine nimesahau.

Halafu huyo jamaa aliyekushauri, ni mrefu hivi, laptop yake imejaa stika? Nijibu inbox.