Jibu: Kwa nini kimbunga hulegea kikiingia nchi kavu?

Ndugu, umeuliza kwa nini kimbunga hutisha kikiwa baharini kisha hulegea kikiingia nchi kavu, ilhali mchana ardhi huweza kuwa na joto kuliko maji. Jibu limo kwenye mvuke.

Maji ya bahari yakifikia takriban nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, huvukizwa kwa wingi. Mvuke huo hubeba joto lililofichika ndani yake. Ukipanda na kugeuka matone ya wingu, joto hilo huachiliwa, hewa inazidi kupanda, kanieneo ya hewa chini inashuka, na upepo unavutwa kwa kasi zaidi. Upepo nao huongeza uvukizaji. Ardhi haina maji ya kutosha kulisha mzunguko huo, tena milima, misitu na majengo huukwaza upepo.

Kuna jambo wengi hulisahau, nami naliona ndilo kubwa: kina cha maji ya joto. Kimbunga huikoroga bahari. Tabaka la joto likiwa jembamba, maji baridi ya chini huibuka na kukipunguzia nguvu. Likiwa nene, hakuna breki. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipita juu ya maji yenye joto hadi kina kirefu katika Ghuba ya Mexico, kikafika daraja la 5, lililo la juu kabisa katika kipimo cha nguvu za vimbunga.

Ila tafadhali sana, upepo ukilegea usidhani mambo yamekwisha. Mvua huweza kuendelea kumwagika siku kadhaa mbali bara, na mafuriko yake huua watu walioamini hatari imeshapita.