Mtutu wa bastola hautakati

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina bastola ya 9mm, leseni ninayo, huwa napiga risasi za madini ya risasi zisizo na koti la shaba sababu ni bei poa, sasa mtutu una michirizi ya kijivu ndani, nimesugua na dawa ya kusafishia ila wapi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza toa magazini alafu vuta slaidi uangalie chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole, ndo uchomoe mtutu. Hiyo michirizi ni madini ya risasi yenyewe yameganda kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, dawa ya kawaida inatoa masizi ya baruti tu. Paka oili ya kulegeza kutu uache usiku kucha, kisha chukua stilwaya ya shaba tupu, zungushia nyuzi zake kwenye brashi kuukuu ya bronzi mpaka ibane, usukume kutokea upande wa chemba, utaona vipande vinang'aa vinadondoka. Hiyo stilwaya ipime na sumaku kabla, ikinasa ni chuma kimepakwa shaba na itakukwangulia mtutu. Ile mbinu ya kusafishia kwa kuchanganya siki na haidrojeni peroksaidi achana nayo kabisa, inatengeneza sumu ya madini ya risasi inayopenya ngozi! Vaa glavu, usifanyie jikoni, watoto wakae mbali. Na kama ni Glock, kiwanda chenyewe hakishauri risasi hizo, nunua zenye koti.