Mchungaji wa mji mdogo na kufuli tatu

Katika mji mdogo mchungaji huitwa kabla ya fundi. Paa la ukumbi likivuja, mgonjwa akilazwa, majirani wakigombania mpaka, kijana akitaka barua ya kumtambulisha, mlango unaobishwa hodi ni wake. Mwenye moyo wa kutumikia huitikia kila wito, na baada ya miaka michache huduma zote zimeegemea mgongo mmoja. Akiugua au akiitwa kanisa lingine, zinalala siku hiyohiyo.

Kosa hilo linashangaza, kwa sababu Upresbiteri, utaratibu wa kanisa kuongozwa na mabaraza ya wazee, haukupangwa kwa mtu mmoja. Tangu kanuni za kanisa la Geneva za mwaka 1541, zilizoandaliwa na mwanamageuzi wa kanisa Yohana Calvin, huduma iligawanywa mara nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi, na wahitaji wakawekwa mikononi mwa mashemasi. Mchungaji huongoza kikao cha baraza la wazee, ila uamuzi ni wa baraza. Kwa hiyo usianzishe mradi wowote wa jamii usioandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mradi ulio kichwani mwako tu ni wako, na utaondoka nao.

Anza na ziara, maana ndizo zinazokuonyesha mji unahitaji nini. Tuseme kanisa lina kaya 120. Ziara tatu kwa wiki kwa wiki 40 zinazimaliza zote ndani ya mwaka, na zinabaki wiki 12 za likizo, sikukuu na safari za presbiteri, baraza la wachungaji na wazee wa makanisa ya eneo. Wagonjwa na wafiwa wako nje ya hesabu hiyo. Wanaojitwika ziara kumi kwa wiki huchoka ifikapo mwezi wa tatu, na nyumba zilizorukwa hazisahau: kwa fulani alifika, kwetu hakufika. Kila mzee naye apewe kaya kumi au kumi na mbili zake, kwa majina na kwa maandishi. “Wazee watasaidia” si mpango.

Kwa mgonjwa hospitalini, dakika 15 zinatosha kabisa. Vuta kiti macho yenu yalingane. Usikae kitandani, kidonda hakionekani chini ya shuka. Uliza swali moja, “Leo umeamkaje?”, kisha nyamaza. Sala iwe fupi na itaje alichokisema yeye, si ulichokuja nacho. Muuguzi akiingia, toka kabla hujaambiwa.

Kwa wafiwa, tatizo ni kalenda. Siku ya mazishi nyumba inajaa. Watu wakishatawanyika ndipo kimya kinapoingia. Usiku wa siku hiyo, kabla hujalala, andika tarehe tatu: baada ya wiki tatu, baada ya miezi mitatu, na siku ya kutimiza mwaka. Usiitegemee kumbukumbu yako. Utafanya mazishi mengine kabla ya ile tarehe ya pili.

Sasa fedha, na hapa ndipo wengi wazuri wanapoharibikiwa. Mwaka 1810 Henry Duncan, mchungaji wa parishi ndogo ya Ruthwell kusini mwa Uskoti, alianzisha benki ya akiba kwa ajili ya vibarua na watumishi wa nyumbani, watu ambao benki za kawaida hazikuwapokea kwa vijisenti vyao. Wazo lilienea nchi nzima na nje yake. Lakini ninachopenda kuwaonyesha wachungaji ni sanduku lake: lilikuwa na kufuli tatu, kila moja na mtu wake wa ufunguo. Halikufunguka mpaka wote watatu wawepo. Hata mchungaji mwenyewe asingeweza kulifungua peke yake, na uaminifu wake haukuwa unatiliwa shaka na mtu.

Mfuko wa wahitaji uendeshwe hivyohivyo. Sahihi mbili kwenye kila malipo, na isiwe ya mchungaji na mwenzi wake. Baraza liweke kiwango kidogo ambacho mchungaji anaweza kutoa siku hiyohiyo bila kuuliza. Kinachozidi hapo kiende kwa mashemasi wawili, nao wajibu ndani ya siku mbili, kwa sababu njaa na kufukuzwa nyumba havingoji kikao cha mwezi. Deni la kodi lilipwe kwa mwenye nyumba, karo ilipwe shuleni, risiti ibaki kanisani. Katika taarifa ya baraza andika namba, si majina: namba 14, dawa. Sadaka inayohesabiwa ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu.

Kutoa kutoka mfukoni mwako kunaonekana ni upendo, na mara moja moja ni upendo kweli. Kukishakuwa desturi, familia yako inalipa bila kuulizwa, anayesaidiwa anabaki mdeni wako wewe, na kanisa linajifunza kwamba wahitaji si kazi yake.

Kamati za mji nazo zina njia ya kukumaliza. Kubali mbili, zisizidi, na kataa uenyekiti na utunzaji wa fedha katika zote. Wenyeji watakupa uenyekiti kwa heshima, kisha wataacha kuhudhuria kwa sababu mchungaji yupo. Mradi mpya uwe wa majaribio ya miezi mitatu, wenye tarehe ya mwisho iliyotangazwa mwanzoni. Tarehe ikifika na hakuna mwingine anayetaka kushika ufunguo wa ukumbi, ufungwe, hata kama unakuuma.

Siri ni ngumu zaidi mahali ambapo kila mtu anajua ulipoegesha gari. Mfano wa mahubiri “bila kutaja jina” haupo katika mji mdogo. Kabla ya wimbo unaofuata jina limeshapatikana. Chukua mifano kwingine. Mazungumzo ya faragha yafanyike penye mlango wa kioo, na mtu mwingine awe ndani ya jengo.

Weka siku moja ya mapumziko kila wiki, itangazwe, na mzee mmoja ashike simu siku hiyo. Uchovu usipoisha, upeleke presbiteri mapema. Katika utaratibu wetu mchungaji ni mshiriki wa presbiteri, si wa kanisa analolihudumia. Kwa hiyo wa kukuchunga wewe wapo huko, si kwa wazee unaowaongoza.

Siku ya kuondoka, kabidhi daftari la ziara, orodha ya funguo na namba za mfuko kwa katibu wa baraza. Kisha usirudi kuzika wala kufungisha ndoa mpaka mchungaji mpya akualike yeye mwenyewe. Familia zitakupigia wewe kwanza. Wape namba yake.