Kwa nini picha huharibika ikitumwa kama maandishi?

SWALI: Nilituma picha kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta) kutoka kompyuta ya Windows kwenda kwenye seva ya Linux. Ilifika ikiwa imepungua ukubwa kidogo, na haikufunguka. Fundi aliniambia niache hali ya maandishi, nitumie ya baineri, inayopeleka faili jinsi lilivyo. Kwa nini kuna hali mbili? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Fundi wako alikuelekeza vyema. Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, alipotoa rasimu ya kwanza ya FTP mwezi Aprili 1971 katika waraka wa RFC 114 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za kiufundi za mtandao), mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, uliunganisha kompyuta zisizofanana hata kidogo. Kompyuta ya PDP-10 ilifanya kazi kwa mafungu ya biti 36 (biti ni 0 au 1), ilhali mashine za IBM zilitumia baiti, yaani mafungu ya biti 8, na mfumo wa herufi wa EBCDIC, ambamo herufi A ni namba 193 na si 65 kama ilivyo katika ASCII, mfumo mwingine wa herufi. Faili la maandishi lililohamishwa biti kwa biti lingefika likiwa halisomeki. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mtumaji ageuze maandishi yake kuwa ya mfumo wa pamoja, na mpokeaji ayageuze yaendane na mashine yake. Kwangu mimi, huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa.

Mgeuzo huo unahusu pia mwisho wa mstari. Windows huuandika kwa baiti mbili, 13 na 10, lakini Linux hutumia 10 peke yake. Basi seva ikiamini kwamba inapokea maandishi, huondoa kila 13 inayotangulia 10. Katika picha, namba hizo ni sehemu ya rangi na maumbo, wala hazina uhusiano wowote na mistari. Huko ndiko baiti zako zilikopotelea.

Waraka wa RFC 959 wa Oktoba 1985, ulioandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds, uliacha maandishi yawe hali ya kuanzia, hivyo ni lazima programu iagizwe kutumia baineri.

Usihangaike kuitengeneza nakala iliyoko kwenye seva, kwa kuwa hakuna njia ya kutambua ni 10 zipi zilizotanguliwa na 13 na zipi zilikuwa peke yake tangu mwanzo. Itume upya, na ikiwezekana utumie SFTP, njia ya kuhamisha mafaili inayoficha kinachopitishwa, kwa sababu FTP ya kawaida hupitisha neno lako la siri mtandaoni bila kulificha.