Wanafunzi wangu wa Python wanaishia somo la kwanza. Nirekebishe nini?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha hesabu sekondari, Morogoro. Tangu mwaka jana naandika masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa Kiswahili kwa watu ambao hawajawahi kuandika programu hata siku moja. Naeleza hatua kwa hatua na istilahi zote nimezitafsiri, lakini wengi hawafiki somo la 2. Nikiwauliza wanasema "imegoma", basi. Niongeze maelezo, au nihamie kwenye video? Nakutumia somo la kwanza uliangalie.

Jibu

Marhaba, mwalimu mwenzangu. Somo lako nimelisoma mara mbili. Mara ya pili nilikaa kwenye kompyuta ya Windows ambayo haijawahi kuwekwa Python, nikafuata ulichoandika na si ninachokijua. Pale unapoeleza kigeu (variable, yaani jina linalotunza thamani) kwa mfano wa kopo la jikoni lenye lebo, umeeleza vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Shida ni kwamba wanafunzi wako hawafiki kwenye hilo kopo. Python haijawashinda, maana hata kuigusa bado hawajaigusa.

Tazama sentensi yako hii: "Pakua Python, isakinishe, kisha fungua terminali uandike python." Kwako ni dakika 5. Kwa anayeanza, humo ndani kuna maamuzi mengi ambayo hakuna aliyemweleza. Achague faili lipi kati ya yale yaliyoorodheshwa? Akishalifungua, chini ya dirisha la kwanza kuna kisanduku kilichoandikwa "Add python.exe to PATH", na hicho huja kikiwa hakina tiki. Asipokiweka tiki, usakinishaji utakamilika salama na ataambiwa amefanikiwa, halafu akiandika `python` kompyuta itamwambia haiijui au itamfungulia Microsoft Store. Na terminali yenyewe, lile dirisha la kuandikia amri, iko wapi? Kwenye menyu ya Windows anaweza kukuta Command Prompt, PowerShell na Terminal, na somo lako halikumwambia afungue ipi.

Haya nimejifunza kwa uchungu. Miaka michache iliyopita niliandika somo linalofanana sana na lako. Nikampa dada mmoja aliyekuwa akitunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, nikakaa nyuma yake nikiwa nimejiapiza kutofungua mdomo. Aliandika `python`, Microsoft Store ikafunguka. Akaifunga haraka na kutazama pembeni, kama mtu aliyevunja glasi ugenini. Nilivunja kiapo mara moja, nikamvusha hapo. Zikatokea zile alama tatu, `>>>`. Somo langu likamwambia aandike `pip install requests`, amri ya kuongezea Python kifurushi kiitwacho requests, naye akaandika palepale, mbele ya zile alama. Jibu: `SyntaxError: invalid syntax`. Akafuta, akaandika upya polepole akiongeza nafasi kati ya maneno. Ikakataa. Mara ya nne akajaribu kwa herufi kubwa.

Alichoandika hakikuwa na kosa hata la herufi moja, ila alikuwa kwenye chumba kisichohusika. Amri ya pip huandikwa nje ya Python, yeye alikuwa ndani, na somo langu halikuwahi kumwambia kwamba kuna ndani na nje. Ilihitajika mistari miwili tu: ukiona `>>>` uko ndani ya Python, ukiona mstari wenye `C:\` unaoishia na `>` uko nje. Kutoka ndani, andika `exit()` kisha bonyeza Enter.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: baada ya kila hatua, mwambie msomaji ataona nini, kisha mwambie ataona nini mambo yakienda kombo na atokeje hapo. Kwa mfano: "Hifadhi faili kwa jina salamu.py. Kama unatumia Notepad, kwenye Save as type chagua All files, la sivyo faili litaitwa salamu.py.txt, na hiyo .txt huenda usiione kwa sababu kwa kawaida Windows huficha herufi hizo za mwisho. Sasa andika `python salamu.py`. Unatakiwa kuona neno Habari. Ukiona `No such file or directory`, kompyuta inalitafuta faili kwenye folda nyingine. Soma hatua inayofuata." Anayeanza akisoma hivyo anajua kwamba kukwama hapo ni jambo la kawaida na kwamba njia ya kutoka ipo. Ile "imegoma" unayoambiwa maana yake ni kwamba mtu ameona kitu asichotarajia na hana hata maneno ya kukuelezea.

Utasema somo litarefuka. Hapana, maana kuna ya kupunguza. Aya zako 4 za mwanzo zinamhusu Guido van Rossum, aliyeibuni Python, na Python kutolewa mwaka 1991. Ni habari njema, zihamishie somo la 5, mtu akiwa tayari ana hamu ya kujua. Miaka ya 1980 mtafiti John Carroll na wenzake kule IBM, Marekani, waliwatazama watu wa maofisini wakijifunza programu za kuandikia nyaraka kwa kufuata miongozo minene. Watu hawakuwa wakisoma kwa mpangilio. Walirukaruka, walitaka kufanya kazi halisi mara moja, na wakikosea walishindwa kujinasua. Carroll akaandika mwongozo mfupi zaidi, akaondoa utangulizi na maelezo marefu, akaweka namna ya kutambua kosa na kulirekebisha. Waliotumia huo mfupi walijifunza haraka zaidi. Mimi nafuata njia hiyo hadi leo.

Kuna jingine linalopunguza mzigo: siku ya kwanza usisakinishe kitu. Mpeleke kwenye Google Colab, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari, hata cha simu, ilimradi awe na akaunti ya Google. Aandike `print("Habari")`, abonyeze kile kipembetatu, aone jibu. Wasomaji wetu wengi wana simu kabla ya kuwa na kompyuta, na somo linaloanza kwa kupakua na kusakinisha linawaacha nje tangu mstari wa kwanza. Usakinishaji uje mtu akishaonja.

Sasa nije kwenye tafsiri, na hapa naomba univumilie, kwa sababu najua umeifanya kwa mapenzi. Umeandika "bofya Faili, kisha Hifadhi Kama". Kompyuta ya mwanafunzi imeandikwa File na Save as. Atatafuta neno "Hifadhi" kwenye skrini mpaka achoke. Kompyuta nyingi ninazokutana nazo zinaonyesha Kiingereza, na ujumbe wa makosa wa Python unakuja kwa Kiingereza hata ukibadili lugha ya Windows. Kilichoandikwa kwenye skrini kiandike kama kilivyo, herufi kwa herufi, kisha eleza kwa Kiswahili kinafanya nini: "bofya Save as, ili ulipe faili jina na kuchagua pa kulihifadhi". Vivyo hivyo kwa makosa. Usitafsiri `NameError` ukaishia hapo. Mfundishe kuanza kusoma mstari wa mwisho, ambako aina ya kosa hutajwa, halafu mwambie hilo humaanisha Python imekutana na jina isilolijua, mara nyingi kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa.

Lakini ndani ya msimbo (code), yaani maandishi ya programu yenyewe, fanya kinyume. Majina unayoyatunga wewe yaandike kwa Kiswahili. Ulitumia `for item in items`. Anayeanza hawezi kujua neno lipi ni la Python na lipi ni la kwako. Yote ni Kiingereza, yote yanaonekana kama sheria. Andika hivi:

`for tunda in matunda:`

Hapo anaona mara moja. `for` na `in` ni vya Python, havibadiliki. `tunda` na `matunda` umevitunga wewe, na yeye anaweza kuweka `kitabu` na `vitabu`. Umoja na wingi vinamwambia pia kinachotendeka: chukua moja moja kutoka kwenye kundi. Sijaona maelezo ya aya nzima yanayofikisha jambo hilo vizuri kama mstari huo. Hii ni faida ambayo mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza hanayo, tusiitupe.

Kuhusu video: iweke kama nyongeza, isichukue nafasi ya maandishi. Video inakula bando, na kwenye video mtu hawezi kunakili mstari. Picha za skrini zina kasoro hiyohiyo ukizitumia kuonyesha msimbo. Vilevile asiyeona hawezi kusomewa picha, ilhali msimbo ulioandikwa kwa maandishi NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, inamsomea, na ina mpangilio ambao akiuwasha inamtajia hata nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari. Kwenye Python nafasi hizo ndizo zinazoamua mstari uko ndani ya kitanzi (sehemu inayorudiwarudiwa, kama ile ya `for`) au nje yake. Picha ibaki ya kuonyesha kitufe kiko wapi, na chini yake uandike maneno yanayotosha hata asiyeiona.

Mambo madogo mawili niliyoyaona kwenye faili lako. Mifano uliiandika kwenye Word, na Word imegeuza alama zako za kunukuu kuwa zile zilizopinda. Anayenakili anapata `SyntaxError: invalid character`. Tumia zilizonyooka. Tena kwenye mfano wa 3 umeacha `print "Jumla"` bila mabano. Hiyo ni Python 2, ambayo ilisitishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na Python 3 inaikataa. Juu ya kila somo taja toleo ulilojaribia na tarehe uliyolijaribu.

Na neno "tu". Nimelihesabu mara 11: "fungua tu", "andika tu", "ni rahisi tu". Najua unataka kumpa moyo. Ila aliyekwama mahali ulipoandika "tu" anajiona mjinga, na mtu akijiona mjinga haandiki kuuliza, anafunga somo kimyakimya. Yafute yote 11.

Kabla hujagusa somo la 2, tafuta mtu mmoja ambaye hajawahi kuandika programu, mwenzako wa ofisi ya walimu au jirani. Mpe somo la kwanza, kaa nyuma yake na daftari, mikono mbali na kibodi. Kila anaposimama zaidi ya nusu dakika, andika alikuwa kwenye neno gani. Usimsaidie mpaka akuombe. Rekebisha sehemu hizo, kisha tafuta mtu wa pili, kwa sababu wa kwanza sasa anajua. Ukimaliza na wa tatu, nitumie somo jipya pamoja na kurasa za daftari. Nitalipitia tena kwenye ileile Windows tupu.