Mfiwa, mawazo na presha isiyoshuka: angalieni haya kabla ya kuongeza dozi

Mkuu, pole kwa msiba. Umesema bi mkubwa, yaani mama yako, alikuwa ametulia kwenye 130/80 kwa dawa ya presha, amlodipini ya miligramu 5. Mzee akafariki, na sasa kila akienda kliniki anasoma 165/100 na kuambiwa "ni mawazo", huku ndugu wakimshauri ameze vidonge viwili badala ya kimoja. Asijiongezee. Amlodipini ya 10 ipo na madaktari huiandika, ila kama kumbe hata ile 5 alikuwa anairukaruka, siku akizimeza zote miguu itavimba na kizunguzungu kinaweza kumwangusha.

Mawazo yanapandisha presha kweli. Mtu akishtuka au akilia, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana. Uwezekano wa mfiwa kupata shambulio la moyo huwa mkubwa zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha unapungua siku hadi siku. Lakini presha ya mshtuko hushuka mtu akitulia. Inayokaa juu wiki kwa wiki mara nyingi ina kitu kingine kinachoishikilia, kitu ambacho msiba ndio umekileta: dawa zimeyumba, usingizi umekatika, chakula kimebadilika. Hivyo ndivyo vya kusaka, maana vinarekebishika.

Kwanza hakikisheni namba ni za kweli. Tumieni mashine ya kufunga mkono wa juu, siyo ile ya kuvaa kama saa. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Pima kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkono ukizidi hapo, tafuteni mkanda mkubwa, kwa sababu mdogo husoma juu kuliko ukweli. Nusu saa kabla ya kupima asinywe chai wala kahawa, na awe amekojoa. Aketi kwenye kiti chenye egemeo, siyo kwenye mkeka, nyayo zote chini bila kukunja nne, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Akae kimya dakika 5. Kuongea tu kunatosha kupandisha kipimo, kwa hiyo msipime huku majirani wanaingia kutoa pole. Mpimeni mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Siku ya kwanza itupeni, zilizobaki tafuteni wastani.

Presha huhesabiwa iko juu kuanzia mpaka huu: kwa vipimo vya nyumbani ni 135/85, vya kliniki ni 140/90. Wastani wa nyumbani ukiwa chini ya mpaka wakati kliniki anasoma 165, huenda ni safari ya kliniki yenyewe inayompandisha, hasa kama mzee ndiye aliyekuwa akimsindikiza na kukaa naye kwenye foleni. Namba hizo mpelekeeni daktari, aamue yeye.

Wastani ukiwa juu, hesabuni vidonge. Kadi ya kliniki inaonyesha alichukua lini na vingapi. Piga hesabu vingebaki vingapi leo. Usimuulize "unameza dawa?", atakujibu ndiyo. Muulize wiki hii amekosa siku ngapi. Katika ndoa ndefu mara nyingi mmoja ndiye saa ya mwenzake, ndiye anayekumbusha na anayekwenda duka la dawa. Tazameni na bima: kama ilikuwa kwa jina la mzee, huenda mama anameza siku moja na kuacha moja ili vidonge vifike mwisho wa mwezi, na anaona aibu kuwaambia.

Halafu mfuko wa dawa za maumivu. Kukaa chini siku nyingi za msiba kunaumiza mgongo na magoti, na mtu wa duka la dawa hutoa diklofenaki au ibuprofeni. Hizo zinazuia chumvi na maji mwilini, zinapandisha presha, na zinadhoofisha dawa nyingine za presha kama losartani na zile za kukojoza. Panadoli kwa siku chache ni afadhali. Valiamu ya kununua ili alale msimpe. Inazoeleka haraka na kwa mtu wa umri mkubwa inaleta kuanguka. Aamke saa ileile kila siku, apunguze kulala mchana, chai ya rangi iishie alasiri. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na aliyeacha kupika akaishi kwa mkate na samaki wa chumvi huvuka kipimo hicho bila kujua.

Kama ni Mwislamu na yuko edani, miezi 4 na siku 10 ni mingi ya kukaa kitako. Kutoka kwenda kutibiwa ni haja, haikatazwi, na kutembea uani hakuna tatizo. Wenye wasiwasi wamuulize shehe wao.

Muulizeni pia mambo mawili: kwa wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi amekosa hamu ya vitu alivyovipenda, na ngapi amekata tamaa? Ikiwa ni zaidi ya nusu ya siku hizo, semeni kliniki waziwazi, maana sonona ikiachwa hata dawa za presha hazimezwi. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa bibi waliofunzwa kukaa benchini na mgonjwa, kumsikiliza na kuchambua naye tatizo moja kwa wakati. Hilo hata shangazi anaweza kuliiga: badala ya "jikaze", amuulize lipi linalomkosesha usingizi, iwe ni mirathi au kodi ya nyumba, na waanze na hilo.

Ikifika 180/120, atulie dakika 5 mpime tena. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, aonane na daktari siku hiyohiyo. Ikiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kuona ukungu, ni hospitali papo hapo, na mbebe paketi za dawa zote anazotumia, za maumivu na za miti shamba zikiwemo.